Daftari la Ghala, Shimanzi

Machi, tarehe nne. Tsuma alimkuta
nyuma ya magunia ya pojo,
kajikunja kama ngata ya kubebea mzigo,
rangi ya kahawa iliyopoa, hana sumu,
hana neno na mtu.
Hayo tuliyajua baadaye. Siku ile nyoka ni nyoka.
Makuli saba, machepe mawili, mpini wa fagio,
na kelele zilizofika barabarani kwenye malori.
Walimtoa kwa kijiti, kichwa kimepondeka,
mkia ungali ukiandika kitu sakafuni.
Tajiri Shebwana akanunua soda kwa wote.
Nami nilikunywa yangu. Naandika haya
nisije siku moja nikasema sikunywa.

Aprili. Gunia la mchele, tundu la kupita shilingi.
Nikalishona.

Mei. Magunia sita.
Nyaya za taa, mlango wa pili, zimetafunwa hadi shaba.
Paka? Paka wa Mombasa mnawajua:
wamelala juu ya mizani, wameshiba vichwa vya samaki,
panya akipita wanamtazama
kama wanavyomtazama mtalii.

Juni tuliweka sumu.
Panya wakaenda kufia darini, tukafanya kazi
na leso puani wiki nzima.
Paka mmoja naye akafa, yule mweusi, wa pekee aliyekuwa akijaribu.

Julai. Mlinzi Ngombo kaamka na damu kidoleni mguuni,
hakuhisi lolote. Panya huuma huku akipuliza:
mimi niliyasoma hayo shuleni,
Ngombo kayasoma kwa kidole.

Kisha usiku mmoja, kwa taa ya simu,
nikafungua kurasa za nyuma.
Mwaka juzi, hasara: sifuri.
Mwaka uliofuata: sifuri.
Mwaka jana: nusu gunia, na hilo lilinyeshewa.
Miaka yote nilidhani ni umahiri wangu,
ufunguo wangu, fagio langu, jicho langu.
Kumbe palikuwa na karani mwingine
asiye na mshahara wala kitambulisho,
akipenya tundu ambalo paka hatii hata unyoya,
akifika kwenye kiota kabla macho hayajafumbuka,
wanane, tisa, kumi,
akiitoa hesabu kabla haijaandikwa.

Tulimlipa kwa chepe.

Septemba, tarehe kumi na tisa.
Juu kwenye dirisha la hewa, pale wavu ulipochanika,
nimeona gamba.
Limevuliwa zima, toka mdomoni hadi ncha,
kama mtu aliyeacha kanzu mlangoni akaingia kuoga.
Hata macho yamo: vioo viwili
vidogo kuliko mbegu ya ufuta.
Nimeliweka kwenye mizani. Mshale haukutikisika.
Nimelilaza humu, baina ya Agosti na ukurasa huu,
na Tsuma sikumwambia.

Msidhani nimekuwa shujaa. Namwogopa.
Gunia likichakacha, moyo unanipanda kooni.
Kila alfajiri, kabla ya kuwasha taa,
nagonga mlango mara tatu kwa ufunguo
nasema hodi, nasubiri kidogo, ndipo naingia.
Makuli wanacheka: "Karani, unambishia nani?"
Nawaambia nayabishia magunia.

Mama yangu, kule Likoni, usiku hakumtaja kwa jina.
"Tazama mguu wako," alikuwa akisema,
"ile kamba isije ikawa imelala njiani."
Nilidhani ni woga wa kikongwe.
Sasa naona labda ilikuwa adabu.

Desemba. Ukaguzi wa mwaka.
Magunia yaliyotobolewa tangu Oktoba: mawili.
Tajiri amefurahi, anasema ni ile sumu.
Nimeinamisha kichwa, nimeendelea kuandika
orodha ya vifaa, kama kila mwaka:

mizani, moja.
Maturubai, manne; moja limechanika.
Machepe, mawili.
Kamba, moja.
Hali yake: nzima.

Tajiri ametia saini bila kusoma.