Kompyuta ya Tatu

Leo nimepanga menyu, hapa saiba ya Luanda:
printa na skana pamoja, kama sufuria na kifuniko chake;
sauti, mwangaza, mtandao, kabati moja.
Cha kufuta diski nimekisukuma chini kabisa,
tangu Mwalimu Andayi alipokibonyeza
akitafuta barua ya pensheni.

Saa ndiyo sikujua pa kuiweka.
Betri ya ndani imekufa. Umeme ukikatika
mashine huamka ikidhani ni Januari,
elfu mbili na tisa.
Mimi huirekebisha kabla wateja hawajaingia.

Leo nimekawia.
Mwaka ule Kageha angali hai,
kaketi papa hapa akibambua njugu,
maganda yakimwagikia kibodi.

Saa nimeiacha nje ya makabati,
karibu na kidole.