Wingu Lisilonyesha

Dalili ya mvua ni mawingu, husemwa.
Nimeyahesabu mimi: mengi hayanyeshi.
Hukusanyika, hukaa saa moja, saa mbili, huyeyuka,
na hewa hubaki imebeba kitu
ambacho alfajiri haikuwa nacho.

Miaka sita modeli yetu haikulijua hilo.
Tulilikata bonde lote la Po miraba miraba,
kilomita nne kwa nne, toka Alpi hadi Adriatiki:
mraba wa Bologna, mraba wa reli, mraba wa mpunga.
Ndani ya kila mraba wingu lilikuwa kivuli tu,
kofia ya kijivu ya kupunguza jua.
Hakuna tone hata moja lililofanya kazi.

Ndipo Tarcisio,
anayemenya chungwa ameegemea kabati la kompyuta
kwa sababu ndiko kwenye joto,
akauliza: Na ndani ya tone je?

Ndani ya tone hakulaliki.
Salfa huingia na harufu ya kiberiti kilichozimwa,
peroksidi huipokea mlangoni,
na kabla chai haijapoa gesi imekuwa asidi,
na asidi inatafuta wa kuituliza.
Amonia hufika.
Amonia hutoka shamba.

Hapo nilinyamaza.

Baba yangu ana nguruwe mia nane na arobaini
nje ya Casalfosco, kilomita thelathini na mbili
kutoka dirisha hili.
Kila Novemba Gaudenzio hunipigia simu:
"Moshi wenu umeanza kutushukia."
Huku ghorofani jirani yangu hufunga dirisha, akisema,
"Samadi yao hiyo, inanuka mpaka huku."
Kila mtu ana kidole,
na kila kidole kimeshapata pa kuelekea.

Tukaandika kemia ya maji, mistari elfu moja na mia mbili.
Usiku wa kwanza tone moja juu ya Ferrara
likawa kali kuliko ndimu, kali kuliko maji ya betri,
likaiangusha programu nzima.
Usiku wa pili nililala kwenye kiti.
Usiku wa tatu ukungu ukatanda kwenye skrini, ukafanya kazi,
ukajiondokea saa nne asubuhi, kama vibarua
wasiodai risiti.

Mjini, mstari wa grafu ulijongea kidogo tu.
Mashambani ulipanda.
Ulipanda mpaka ukaligusa lile doa jekundu
la Bi Ornella Zanarini, mwalimu mstaafu,
aliyebadilisha kichujio juu ya paa la shule
kila Jumatatu, theluji isitheluji,
akatuletea vumbi lake ndani ya bahasha.
Vumbi lilikuwa jingi mno kwa hesabu zetu.
Tuliliandikia pembeni: hitilafu ya kifaa.
Miaka sita, kwa mwandiko wangu.

Jumapili nilikwenda nyumbani.
Ukungu ulikuwa umeimeza barabara;
niliukuta mlango wa banda kwa masikio.
Baba alisimama kando ya bwawa la samadi
na matone madogo yamempanga nyusi.
Nilimweleza yote: magari yetu, bomba la kiwanda,
bwawa lake, na tone linalowakutanisha
bila kumwuliza mtu katokea wapi.

"Basi kosa la nani?"

Sikuwa na mraba wa swali hilo.
Nilimwonyesha nyusi zake.
Akazipangusa kwa kiganja, akakinusa.
"Hakinuki kitu," akasema.
Ndivyo, nikamwambia. Likishamaliza, halinuki.

Akakitazama kiganja muda mrefu,
akakifuta kwenye suruali.
Nguruwe mmoja alikohoa, au alicheka.
Kisha akaniuliza
turubai la kufunika bwawa zima
linauzwa bei gani siku hizi.