Kigae cha Kumi na Nne

Jikoni kwa Mgiriki, Barabara ya Stesheni,
ukuta una mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba.
Mihayo, aliyeinunua nyumba aifanye ya wageni,
amehesabu kwa peni kiganjani:
vimebaki arobaini na sita, vimepotea kumi na vinne.
"Mama Nyanzobe, nichoree visivyo na tofauti."
Kana kwamba ndege huyu mwenye mkia wa maua
nilipata kumfuga.

Udongo nimeutoa Igombe, mweusi, mbishi.
Naukanda, naukata kwa waya wa breki za baiskeli,
naulaza juu ya magazeti; bei ya tumbaku
inajichapa mgongoni mwake kinyumenyume.
Moto wa kwanza. Kisha uji mweupe wa kioo,
ukikauka ni kama unga wa muhogo,
na hapo brashi haina msamaha,
uji unakunywa rangi papo hapo.
Ukitetemeka, umetetemeka milele.
(Brashi yenyewe ni singa za punda
wa muuza maji wa Isevya. Hajui kama ananidai.)

Na buluu si buluu ninapoichora.
Ni kijivu, majivu ya jiko la jana.
Moto ndio unaojua.

Komamanga nalijua: mti ulikuwepo uani kwa Bi Zuwena, Gongoni,
tuliiba, na vidole vyetu vikatushtaki.
Bibi harusi mwenye sarafu kifuani namwelewa,
hata uzito wa shingo yake.
Merikebu ndiyo iliyonishinda. Mimi mtu wa reli.
Kamba zake nimezivuta kama nyaya za simu
zinavyolegea njia nzima hadi Urambo.
Chini yake kuna herufi za kwao;
nimezifuata kama anayefuata nyayo za mdudu vumbini.
Huenda ni jina la binti, huenda ni dua,
huenda ni deni la mtu.
Nimenakili hata doa.

Bibi yangu Kalunde alifinyanga vyungu Ndala.
Kwake kigae kilikuwa kile kinachobaki
chungu kikishavunjika na lawama zikishaisha.
Alfajiri alinituma nacho: nenda kwa Ng'wana Shija, kaombe moto.
Nilirudi mbio, umande miguuni,
makaa matatu yakipumua juu ya kipande cha udongo.
Mjini kigae ni kizima, cha ukutani, kina bei.
Neno ni lile lile.
Sijui lini lilivaa viatu.

Kumi na vitatu nimemaliza.
Kilichobaki ni cha katikati,
baina ya merikebu na bibi harusi,
na hakuna anayekumbuka kilikuwa na nini.
Bi Mwamini, aliyeosha vyombo pale akiwa msichana,
anaapa ni jogoo.
Dereva aliyewahi kumwendesha Mgiriki anasema samaki wawili,
kisha anasema mmoja,
kisha anaomba sigara.
Mihayo: "Weka cheupe tu. Nani ataangalia?"

Usiku mzima kigae kitupu kilinitazama mezani.
Umeme ukakatika, nikawasha kibatari,
na kabla sijajishauri brashi ilikwisha lowa.
Nikachora mkono.
Juu ya mkono, kigae kilichovunjika.
Juu ya kigae, makaa matatu,
kwa kijivu kile kile cha mkia wa ndege,
cha matanga, cha sarafu.
Ukingoni nikazungusha maua yao,
nisije nikaonekana nimeingia bila hodi.

Sasa nimeziba mlango wa tanuri kwa matope.
Maranda ya mninga yameshika, moshi unanukia utamu.
Simu inaita: vimeiva?
Bado, baba.
Ndani mle hata mimi sijui
makaa yakiwa ya buluu yanaonekanaje,
wala kama Mgiriki, popote alipozikwa,
aliwahi kuishiwa moto akaenda kuomba kwa jirani.

Saruji usikoroge kesho.
Koroga kesho kutwa.