Zamu ya Mchwa

Dada yangu Wendeline ana zumari pacha,
mbili mdomoni kwa pumzi moja,
mfano wa zile za Wayunani wa kale,
alizochongewa na seremala mmoja wa Galena
kwa bei ya gari letu la kwanza.
Hujifunga ukanda wa ngozi mashavuni
kama farasi aliyetiwa hatamu,
na asicheke mtu: bila ukanda, adai, mashavu hupasuka.

Mimi ndimi dereva. Mbeba masanduku pia ni mimi.

Januari, Dubuque, mto umeganda hadi ng'ambo ya Illinois.
Makumbusho yamepanga viti sitini,
wamekuja watu kumi na mmoja:
mmoja mlinzi,
mmoja baba yetu, amelala,
sikio la kushoto lilishaliwa na matrekta.
Dada anapiga wimbo uliookotwa kwenye kipande cha mafunjo.
Noti tisa, kisha tundu
pale mchwa alipokula.
Noti nne. Tundu tena.
Wenzake huziba matundu kwa kubuni.
Yeye hazibi. Huzishusha zumari, hungoja;
mchwa naye apewe zamu yake.
Nikasikia mabomba ya joto yakikohoa ukutani,
nikamsikia mlinzi akimeza mate.

Ijumaa za Kwaresima yuko chini ya kanisa,
samaki wa kukaanga, polka, kodiani ya jirani,
nywele zinanuka mafuta hadi Jumapili.

Mei, binti wa Kanakaris wa duka la mikate anaolewa.
Mzee alisikia "muziki wa Kiyunani" akalipa nusu papo hapo,
akitarajia klarineti za kijijini kwao.
Dada akaanza wa miaka elfu mbili.
Mashangazi wakatazamana
kama waliotiliwa chumvi kwenye chai.
Ni bibi wa bwana harusi aliyegonga fimbo sakafuni:
"Hatimaye kitu kilichozaliwa kabla yangu! Mwacheni amalize."
Wakamwacha. Kisha wakamtafutia klarineti.

Na vuli ikifika, uwanja wa chuo.
Ana miaka arobaini na saba, anamalizia shahada aliyoiacha,
na mwanafunzi wa muziki sharti aandamane na bendi.
"Obo hainyeshewi mvua," akasema mkuu wa bendi,
akamkabidhi matoazi.
Vidole vilivyosomeshwa miaka thelathini
sasa vimeshika sahani mbili za shaba.
Kofia ina unyoya. Buti zinambana.
Brantley wa tuba, miaka kumi na tisa, humwita shangazi.
Mapigo tisini na sita ya kungoja,
kisha moja lake: CHWAA!
"Hujioni umeshuka?" nilimuuliza.
Alikuwa akimenya kitunguu.
"Kule nalipwa kungoja. Hapa nalipa karo ili ningoje.
Kungoja ni kule kule."

Baba hakuwa mtu wa muziki.
Ila kila Jumamosi, safu ya tisa, na chupa yake ya kahawa,
alilihesabia lile pigo moja kwa vidole, kwa midomo,
na likilia alisimama wima
kama aliyeitwa jina lake.
Hilo tu alilisikia vizuri, alisema. Hilo lilimtosha.

Tulimzika Alhamisi, Oktoba.

Jumamosi dada akavaa unyoya wake.
Tulikuwa nyuma kwa pointi ishirini na moja, upepo wa kukata masikio.
Nilihesabu naye: tisini na nne, tisini na tano.
Akayainua matoazi, jua likamwagika juu yake,
na hakuyagonga.
Akayaacha pale juu, mbalimbali, kama mlango uliosahauliwa wazi.
Bendi ikapita juu ya lile tundu.
Mkuu wa bendi akageuza shingo. Brantley akakosa noti.
Jukwaani hakuna aliyejua kitu,
watu walikuwa wakigombania soseji.

Mimi nilikuwa safu ya tisa.
Nikasimama.