Kwenye Mkunjo

Afeku, mwanafunzi wangu, ana vidole vyepesi
kwa simu kuliko kwa sindano.
Nikimtuma vifungo anarudi na bando.
Wiki iliyopita alimwaga jagi la maji hapo mlangoni,
akagusa kitu kwenye kioo, na maji
yakainuka kutoka vumbi la Arua,
yakajizoa tone kwa tone, yakaingia jagini,
jagi likasimama wima kama halina habari.
Nilicheka mpaka pini zikanidondoka mdomoni.
Walionifunza kwamba yakimwagika hayazoleki
hawakuwa na simu.

Jumanne umeme ulikuwa umekatika,
na kitenge cha Mama Ezaru kiko mezani:
yadi sita kutoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka,
buluu ya shingo ya kanga, yule ndege,
alichokikalia juu ya boda njia nzima
asije mtu wa forodha akakiuliza kabila.
Nguo ya kumwozea binti.
Afeku akanirekodi. Nami, na uzee huu,
nikakunja mkono wa blauzi, nionekane fundi.
Mkasi ukaenda krrrp, mtamu, mnyoofu,
na ulipofika mwisho ndipo nikaona:
nimekata kwenye mkunjo.
Mgongo uliotakiwa uwe mmoja
umelala vipande viwili, kama watu waliogombana.

Afeku hakusema pole.
Alisema, "Subiri, mwalimu," akaigeuza.

Nikauona mkono wangu ukirudi kinyumenyume,
mkasi ukifumba kidonda unapopita,
kitenge kikawa kizima kama kilivyotoka dukani.
Akapunguza kasi. Kila uzi
ukawa unamtafuta mwenzake, unampata.
Akaiweka ijirudie yenyewe: kikapona, kikapona,
kikapona,
bila kuugua hata mara moja.
Kufikia jioni watu elfu nne walikuwa wamekipenda.
Mezani, vipande viwili.

Mama Ezaru naye ana simu. Siku hizi nani hana?
Alhamisi asubuhi alisimama mlangoni, meno yote nje:
"Nimekiona kitambaa changu! Dada yangu wa Koboko
amekitazama mara kumi, anauliza kinaponaje vile."
Kisha akatazama mezani.
Akaviinua, kimoja mkono huu, kimoja mkono ule,
akavikutanisha hewani, polepole,
kama alivyoona,
akaviachia.
"Basi kirudishe," akasema,
na sikujua kama ananitania.

Nikakaa. Nikatunga uzi.
Cherehani hii nayo inajua kurudi nyuma:
ina kishikio kidogo cha chuma upande wa kulia,
kimelainishwa na dole gumba la marehemu mume wangu,
kisha na langu.
Ukikiinua, nguo inarudi hatua tatu,
ila haifumui kitu.
Inapita juu ya ilipopita,
na hapo ndipo mshono unaposhika.
Nikamwita Afeku aone. Akainua simu.
Nikamwambia, iweke chini, lete mguu wako hapa.

Akakanyaga yeye. Nikaongoza mimi.
Mshono ukashuka katikati ya mgongo, shingoni hadi kiunoni,
juu yake nikapitisha utepe mweusi
kana kwamba nilikusudia tangu mwanzo.
Mama Ezaru alipitisha kidole juu ya ule utepe,
akashuka nao hadi chini, akapanda nao tena.
Alinilipa pungufu ya elfu tano. Haki yake.

Kule kwenye simu kitenge bado kinapona.
Afeku ameniuliza kama aifute.
Nimemwambia aiache, haina kosa.
Ila vifungo hajaleta.