Kisanduku cha Saba

Fomu ya mafuriko ina visanduku kumi na kimoja.
Cha saba kinataka neno moja, la Kiingereza,
la kueleza maji yalikuwa mengi kiasi gani.

Mimi ni Thembo wa fotokopi, hapa Kasese.
Ukurasa shilingi mia tano, kujaza fomu elfu,
wajane bure, lakini usinitangaze.

Mama Kabugho ameketi juu ya kopo la rangi.
Nyamwamba iliingia kwake saa nane usiku,
ikamtoa yeye na kuku kwa mlango mmoja.
"Andika," akasema, "maji yalizidi unga."
Nikacheka kidogo, kama tunavyochekea misemo.
Yeye hakucheka.
Unga ulikuwa wa muhogo, debe zima,
na debe walilikuta limekwama chini ya daraja,
limejaa mchanga.
"Yalizidi unga. Andika hivyo hivyo."

Kamusi yangu ni ya misheni, haina jalada.
Mchwa walianza na A, wakachoka walipofika D,
kwa hiyo Kiingereza changu huanzia E.
Si hasara: huko ndiko yanakokaa.
Excessive, linazomea katikati kama nyoka aliyekanyagwa.
Exorbitant, la nauli za Krismasi;
kamusi inasema asili yake ni gurudumu
lililoacha njia.
Inordinate, hilo ni la mahakimu.
Na superfluous, ambalo nililipenda ghafla,
kwani hapo zamani, kwa Kilatini,
lilikuwa maji yanayopanda ukingo na kumwagika.
Siku hizi, mstari unaofuata unasema,
ni kitu kisicho na haja.
Nikabaki nalitazama.
Mto umeingia ndani ya neno
ukatokea upande wa pili mkavu, umefunga tai.

Nikamsomea moja moja.
Akasikiliza kama mtu anayepapasa vitenge
asivyo na pesa ya kuvinunua.
"Hayana maji hayo," akasema.
"Ukisema pomoni, mdomo wenyewe unajaa.
Ukisema furifuri, unasikia mawe yanakuja.
Hayo yako yamepigwa pasi."

Nikaandika excessive, herufi kubwa,
nikapuliza wino ukauka.
Cha nane, mali iliyopotea:
magodoro mawili. Mbuzi watatu, mmoja ana mimba.
Redio. Sufuria sita.
Picha ya marehemu Baluku
na kofia yake ya mgodini, Kilembe.
(Picha haina bei, nikaweka kistari.)

Wiki ya tano fomu ikarudi.
Kisanduku cha saba kimefutwa,
juu yake mtu ameandika, kwa mwandiko mzuri,
neno lenye maana ya wastani.
Langu halikupotea. Limehamishwa tu.
Lipo pembeni mwa sufuria sita,
wino mwekundu, mshale,
na alama ya mshangao kama fimbo.

"Wamesemaje?"
Wamesema zimezidi.
"Mvua?"
Mashine ilikuwa inanguruma, nikaizima.
Sufuria, mama.

Hakukasirika. Alinyoosha vidole
akaanza kuhesabu, kama anayezipanga tena ukutani:
ya ugali, ya maharage, ya maziwa,
ya chai, ile isiyo na mkono,
ya msiba, kubwa, mtaa mzima huiazima
na hurudi ikiwa na masizi ya watu wengine.
Akakwama kwenye kidole gumba cha pili.

"Ya sita ilikuwa na tundu," akasema.
"Niliitega kitandani, paa lilipovuja.
Hiyo kweli wakate.
Siku hizi sivujiwi.
Sina paa."