Mkanda wa Bata

Desemba, karafuu zikiwa bado majamvini
na mikono yetu ikinuka vikonyo,
Nesi Perpetua wa majumba ya Mtiulaya,
aliyeletwa Wete kwa uhamisho akasahauliwa na waliomhamisha,
alikwenda misa ya asubuhi, watu wanane,
akarudi, akaufungua mlango wote, akasema: Haya, piteni.

Tukapita. Watoto kumi na saba, ndara rundo kizingitini,
na bibi yetu, Bi Mwanakombo, aliyekuja, alisema,
kutuangalia tu tusivunje vikombe vya watu.
Akawahi kiti cha mbele.

Pilau. Kuku kachinjwa na Mzee Faki wa chini
(Perpetua alilitaja jina hilo mara mbili, tusikie).
Soda moja watu watatu.
Kisha deki ikaumeza mkanda, ikaguna.

Filamu yenyewe? Baba mwenye masharubu ya ufagio
anatumwa na mkewe bata bukini wa sikukuu,
anarudi naye mzima, na roho yake, na dharau zake.
Watoto wanamficha kwenye beseni la kuogea.
Mama mkwe anaingia kuoga.
Basi. Ndiyo yote.
Tulicheka hadi Nassor soda ikamtoka puani.

Hakuna aliyejua Kiingereza. Bi Mwanakombo alikijua chote.
"Yule mama asema: Weye mwanamme, nikutume bata, unletee kadhi?"
"Bata ajibu: Mie sichinjwi, mie n'na kesi mahakamani."
Perpetua, aliyesomeshwa na masista,
aliyekuwa akiyasikia maneno yenyewe,
alijifunika kanga usoni, mabega yakitikisika,
na kwa miaka tisa hakumsahihisha hata neno.

Theluji tuliijua: ni sufi, mto umepasuka.
Nje jua likikaanga mabati, feni ikizungusha joto lile lile,
nasi tumejikunyata kwa baridi ya baba yule
anayekimbia na viatu vya kulalia
nyuma ya bata, mbio, kona, mbio,
mkono unaukaribia mkia, na pale pale

fyaa! harusi ya shangazi Raya.

Mtu alikuwa amerekodi juu yake. Perpetua aliapa si yeye.
Michirizi miwili myeupe, kisha wanawake wa Jadida tele,
vigelegele, Raya kainamisha uso, hina hadi viwikoni,
mkanda ukaisha.

Kwa hiyo kwetu sisi baba yule alitoka Ulaya mbio
akafika Jadida ndoa imeshafungwa,
na bata, tuliamini, yumo ndani ya biriani.
Hasha, alisema Bi Mwanakombo. Bata ndiye somo wa bi harusi.
Hamumwoni? Yule pale wa buibui, aendaye hivi.
Na kweli mmoja alikuwa akienda hivyo.
Bi Kazija hatusalimii mpaka leo.

Raya aliachwa mwaka wa pili.
Akawa anakuja na yeye, Krismasi, anakaa karibu na mlango.
Kwa bata alicheka kutushinda sote.
Akitokea bwana harusi, alitafuta kiatu chake.

Sasa n'na simu. Filamu nzima imo humo, safi.
Kiingereza nakijua; nimekifundisha miaka kumi na moja.
Krismasi iliyopita nikaiwasha, wanangu ubavuni.
Yule mama hasemi kadhi. Bata hasemi kitu.
Ni watu wanaojitahidi kuchekesha.
Wa kati akaniuliza: Mbona hucheki?

Nikazima sauti.
"Yule mama asema," nikaanza, na sauti haikuwa yangu,
"weye mwanamme..."

Tulipofika kwenye sufi, mbio, kona, mbio,
mkono ukiukaribia mkia, nikasimamisha.
Zimebaki dakika kumi na mbili sijapata kuziona.
Endelea! wakapiga kelele. Endelea, baba!

Nikaitia simu mfukoni, nikawaambia wavae,
twende kwa Bibi Raya awaoneshe picha,
na wakiwa njiani watazame vizuri
ni mwanamke gani aendaye hivi.